Chuma cha Mita Mia Sita na Arobaini

Kazi yangu ni kutafuta chuma baharini nikiwa juu ya meli ya chuma. Ukilifikiria sana jambo hilo unaweza kuacha kazi siku hiyo hiyo. Chuma kilichoyeyuka katika maji ya Ghuba ya Bengali ni kidogo mno, na kipande cha kutu kisichoonekana kwa macho kinatosha kuharibu pipa zima la maji. Ndiyo maana kwa miaka kumi na tatu nimekuwa mtu wa kufoka. Nafoka mtu akiingia na viatu kwenye hema langu la plastiki. Nafoka akiwa na saa, hereni, au mkanda wenye bizimu. Mabaharia wa meli yetu, Jaladhara, wakiwa mbele yangu huniita Ketaki-di, yaani dada Ketaki. Nikishageuka wananiita Mama Kutu, na wanadhani sijui.

Aliyekula makali yangu kuliko wote ni Haradhan Maity, mwendesha winchi, mtu wa Kanthi mwenye miaka hamsini na minane. Namwita Haradhan-da, kaka Haradhan, kwa sababu ni mkubwa wangu. Yeye huniita Didi, dada mkubwa, ingawa ana umri wa kunizaa, na namna anavyolivuta neno hilo utajua si heshima tupu. Ndiye anayeshusha fremu yetu yenye chupa kumi na mbili mpaka kina ninachotaka, kila chupa inajifunga kwenye kina chake, kisha anaipandisha. Safari yetu ya kwanza pamoja, miaka mitatu iliyopita, nilimwamuru avue pete ya babu yake, pete ya madini manane ambayo hakuwahi kuitoa kidoleni tangu mzee afariki. Aliivua bila neno, akaitia kwenye kopo la tumbaku. Sikumshukuru. Niliona ametimiza wajibu wake, basi.

Safari hii kulikuwa na jambo linaniudhi. Kila siku kabla sijapima maji ya bahari, napima kwanza maji niliyoyasafisha mwenyewe, ambayo hayatakiwi kuwa na chuma kabisa. Kile kidogo kinachoonekana hapo si cha bahari, ni uchafu wangu. Unatakiwa uwe karibu na sifuri. Wangu kwa vituo kumi na kimoja mfululizo ulikuwa nukta tatu, na haukushuka hata nilipoosha chupa upya kwa asidi, nikabadilisha mirija, nikatupa boksi zima la glavu. Nilikuwa na mtuhumiwa mmoja tu, nayo ni grisi ya winchi ya Haradhan-da. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, zaidi ya mara moja.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitafuta, maana bila hicho hutaelewa kwa nini siku ile nilikaribia kulia.

Nilipokuwa mdogo kule Tamluk tulichota maji ya bwawa, maji ya tope. Mama alikuwa akizungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo, mizunguko saba, kisha anaiacha. Tope linashikana, linazama, na uchafu unaondoka nalo mpaka chini. Bahari nayo iko hivyo hivyo. Tope la mto, maganda ya vidudu, vinyesi vyao, vyote vinazama taratibu usiku na mchana, na njiani chuma kinavidandia na kushuka navyo. Hayo yako kwenye vitabu, na Daktari Rebelo, mkuu wetu wa utafiti, Mgoa mpole asiyepandisha sauti hata meli ikilala ubavu, ameyafundisha miaka ishirini. Palipo na tope jingi, chuma kilichoyeyuka kitakuwa kidogo, kwa sababu tope limekinyakua.

Lakini mimi nilikuwa napenda kuingiza mkono kwenye ile ndoo. Na kila mara nilipoingiza mkono, hata bila kulitibua tope, maji yaliyolalia tope yalikuwa na ladha ya chuma. Mama alinizaba vibao kwa kuyaonja. Tope lile halikuwa limeshika tu. Lilikuwa linaachia pia, kidogo kidogo, wakati huo huo linaposhika. Nilipokuwa mtu mzima nikamwambia Daktari Rebelo kwamba huenda chuma hakidandii mara moja na kuzama moja kwa moja. Kinadandia, kinaachia, kinadandia tena, na mahali fulani baharini kinachoachia ni kingi kuliko kinachodandia. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Ketaki, nionyeshe." Mimi ni fundi wa maabara, si daktari. Mtu kama mimi hapewi sikio kwa maneno, anapewa kwa namba.

Asubuhi ya tarehe kumi na saba Septemba nilizipata.

Tulikuwa kwenye kituo cha kumi na mbili, kusini ya midomo ya mto Ganga, si mbali na korongo kubwa la chini ya bahari linalomeza tope la mto. Fremu ilishuka alfajiri, ikapanda, nikazibeba chupa mpaka hemani, nikachuja maji. Kinachobaki kwenye chujio ni chembe, kinachopita ni kilichoyeyuka. Mashine yangu hupima kilichopita. Inachanganya maji na dawa ndani ya kijisanduku cheusi, na chuma kikiwepo dawa inatoa mwanga hafifu wa buluu, mashine inauhesabu. Mita hamsini, chini ya nukta tano. Mita mia mbili, vivyo hivyo. Mia nne, nukta sita. Nikatia maji ya mita mia sita, na mstari kwenye skrini ukapanda ghafla mpaka nikadhani nimegonga meza.

Moja nukta saba. Nikatia ya mia sita na arobaini. Mbili nukta moja. Mia sita na themanini, moja nukta nane. Mia nane, ikarudi nukta saba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilifungua daftari la kipimo cha tope, kile kinachoshuka na fremu na kumulika maji. Kulikuwa na tope kwenye kina kile kile, utando wa unene wa mita mia moja hivi, umetoka korongoni na kujitandaza katikati ya bahari. Palipo na tope jingi, chuma kilikuwa kingi. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu nikacheka kwa sauti ndani ya hema kama mwendawazimu. Tope lilikuwa linaachia.

Nikavua koti la plastiki nikatoka mbio kumtafuta Daktari Rebelo, na hapo ndipo nilipoiona fremu.

Ilikuwa imesimama mahali pake nyuma ya meli, nyeupe, safi, na kwenye nguzo yake ya katikati palikuwa na alama nyekundu ya kidole gumba. Sinduri, ule unga mwekundu wa ibada. Ilikuwa siku ya Vishwakarma, bwana wa mafundi na wa kila chombo cha kazi, na mimi nilikuwa nimesahau. Winchi yenyewe ilikuwa imeoshwa, imepakwa sinduri na kunyweshwa maziwa ya kopo, imevikwa shada la maua ya karatasi ya chungwa. Picha ya bwana mwenyewe ilikuwa imeegeshwa kwenye usukani wa winchi, na ubani unafuka. Jikoni walikuwa wanapika kichuri, wali uliochanganywa na dengu, na biringanya za kukaanga. Haradhan-da alikuwa kwenye reli, amevaa shati jipya, anarusha tiara ya kijani.

Unga ule una chuma, mwingine una hata risasi.

"Nani amegusa fremu?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi, Didi," akasema, macho kwenye tiara. "Nimeipa alama ndogo tu. Vyombo vyote vimepata, nayo ingejisikia vibaya."

"Ingejisikia. Fremu ijisikie." Watu walikuwa wameanza kusogea. "Miaka mitatu, Haradhan-da, miaka mitatu nakwambia usiguse. Grisi yako inanitesa vituo kumi na kimoja, leo umeona haitoshi ukaniletea na sinduri. Unajua umeharibu nini? Hujui. Utajuaje, wewe kazi yako ni kuvuta kamba juu na chini."

 Tiara ilianza kuyumba, akaivuta kidogo ikatulia.

"Niliweka alama baada ya wewe kuondoa chupa zako," akasema polepole. "Uliondoka nazo, ukafunga hema, nikasubiri nusu saa zaidi. Waulize hawa."

"Siulizi mtu."

"Basi usiulize."

Daktari Rebelo alinikuta mezani nimeshika kichwa. Alizitazama namba, akatazama daftari la tope, akazitazama tena namba. Nilimwona macho yakimtoka kidogo, halafu akajirudi.

"Uchafu wako wa leo?"

"Nukta tatu."

"Bado. Na fremu ina sinduri."

"Anasema aliweka baadaye."

"Unamwamini?"

Nilikuwa nimeanza kufikiri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Alama ile ilikuwa moja, kwenye nguzo ya katikati, na chupa zote kumi na mbili zinaizunguka. Sinduri ingeanguka majini ingechafua chupa zote, au moja. Isingechagua tatu zinazofuatana kwa kina, mle mle penye tope. Sinduri haijui mita mia sita ni wapi.

"Namwamini," nikasema.

"Mimi pia ningependa." Akaketi. "Lakini nikiandika kwamba tope limeachia chuma, wenye shaka wataniuliza mambo mawili. Kwanza, mlirudia? Pili, kwa nini uchafu wenu uko juu hivi? Nina kibali cha kukaa hapa mpaka saa kumi jioni, Ketaki. Ukileta fremu ya pili na namba zikakubaliana, naziandika safi na jina lako litakuwa la kwanza. Usipoleta, nazitia alama ya mashaka, na unajua namba zenye alama ile zinaishia wapi."

Nilijua. Hakuna anayezisoma. Hakuna meli ingerudi pale kwa ajili ya mashaka ya fundi wa maabara, na utando ule wa tope ungekuwa umetawanyika ndani ya wiki. Ilikuwa saa nne na nusu. Kushusha na kupandisha ni saa mbili, kuchuja na kupima saa moja. Wakati ulitosha, ila siku ya Vishwakarma chombo kikishafanyiwa ibada hakifanyi kazi. Kinapumzika, kinasifiwa, kinalala mpaka kesho. Na aliyeruhusiwa kuendesha winchi ile ni mtu mmoja tu, yule niliyetoka kumtukana mbele ya nusu ya meli.

Nilimkuta pale pale. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, tiara iko mbali sana, uzi umefungwa kwenye reli.

"Haradhan-da."

"Didi. Umekuja kuuliza watu?"

"Nimekuja kusema nilikosea. Sinduri yako haikufanya kitu. Nimezitazama namba."

"Aa. Namba zimenitetea." Akatikisa kichwa. "Hongera kwa namba. Mimi mwenyewe sikutosha."

"Hukutosha, na nilikosea. Sasa nina shida."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka ndoo ya mama na vibao nilivyozabwa. Nilitegemea asikilize kwa uso wake ule wa ukuta, lakini nilipofika kwenye utando wa tope alikunja uso akainama mbele.

"Nilihisi uzito pale," akasema.

"Uzito gani?"

"Alfajiri, kamba ikipita mia sita. Si uzito hasa. Mvumo wake ulibadilika. Maji yakiwa na tope kamba huvuma chini zaidi. Nimeendesha winchi miaka thelathini na moja, Didi, sio kuvuta juu na chini tu."

Niliona haya, na sina aibu kusema niliona haya.

"Basi unaona," nikasema. "Tunahitaji mara moja tu. Saa mbili."

"Leo haifanyi kazi. Imeshakunywa maziwa yake. Utamwamsha mtu siku ya harusi yake umwambie akachote maji?"

"Nikushike miguu nikuombe?"

"Miguu yangu ina grisi, utachafuka."  Kisha akaniangalia, si usoni, bali mkononi, mkono wa kushoto. "Nitashusha. Nitamwomba Baba Vishwakarma msamaha mwenyewe, mimi na yeye tunaelewana. Ila kwa sharti moja. Vua hicho."

"Kipi?"

"Miaka mitatu unanivua pete. Mpishi ulimvua cheni, kapteni saa. Wewe unaponifokea huwa unatikisa kidole, mkono wa shati unashuka, na mimi nina macho. Pale kwenye kifundo pana utepe umevimba. Chini ya utepe kuna nini?"

Alijua kuna nini. Kila mtu wa kwetu angejua. Siku niliyoolewa mama mkwe alinivika bangili za kombe, bangili za marijani, na bangili ya chuma. Za kombe na marijani nilizivua siku ya kwanza ya kazi bila kufikiri mara mbili. Ya chuma sikuivua. Mwanamke huivua mumewe akifa. Nilijiambia imefunikwa utepe, imefunikwa glavu mbili, haina madhara. Nilijiambia pia kwamba mimi ni mtu wa sayansi na siamini mambo hayo. Basi kama siamini, kwa nini ilikuwa haijatoka mkononi kwa miaka kumi na tisa? Niliogopa, ndiyo jibu. Mume wangu Prabir anaendesha pikipiki kama aliyeiiba, na kila nikiwa baharini nilihisi chuma kile ndicho kinachomshika barabarani.

"Nimeifunika," nikasema.

"Hata mimi ningefunika pete."

"Si sawa na pete."

"Ni ya babu yangu, Didi. Nani kakwambia si sawa?" Alisema bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Kisha sauti ikalegea. "Sikwambii uitupe. Leo ni siku ya mwenye vyuma vyote duniani. Mpe yeye akushikie. Iwekwe pale mbele ya picha, winchi ikifanya kazi. Mumeo atakuwa na mlinzi mkubwa kuliko wewe."

Nilisimama pale na saa inakwenda. Ukweli ni kwamba hakuna maneno mengine ambayo yangeniwezesha. Nikaanza kubandua utepe.

Ulipotoka, upande wake wa ndani ulikuwa wa kahawia. Halikuwa doa moja tu. Ulikuwa wa kahawia mzunguko mzima, na ngozi yangu chini yake ilikuwa na pete ya kutu. Jasho la hemani, joto la glavu mbili, miezi na miezi. Nilitazama kahawia ile nikaelewa. Haradhan-da naye aliitazama. Angeweza kusema lolote na ningestahili. Akaupokea ule utepe, akaukunja.

Bangili ilikataa kutoka. Nilikuwa nimeongezeka tangu harusi. Nilijaribu kwa sabuni, kwa mafuta ya jikoni, mpishi akanivuta mkono mpaka nikapiga kelele, watu wanacheka. Mwishowe Haradhan-da akaondoka, akarudi na kopo lake. Grisi ya winchi.

"Ukiniruhusu," akasema kwa adabu ya kuigiza. "Najua huwa inakutesa."

Akanipaka kidole kimoja cha grisi ile niliyoilaani vituo kumi na kimoja, na bangili ikateleza ikatoka. Akaifuta, akaiweka mbele ya picha, akaitia alama ya sinduri. Kisha akakata uzi wa tiara, kwa kuwa sasa ilikuwa kazi. Ilipanda ikaenda zake kuelekea Burma.

Niliosha mkono ule mpaka kiwiko mara saba. Nikavaa glavu mpya, koti jipya. Fremu tuliifuta alama pamoja, yeye kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikimpa vitambaa vya asidi. Saa sita kamili Haradhan-da alisimama mbele ya winchi, akaunganisha viganja, akanong'ona jambo, akaiwasha.

Namba za kina zilikuwa zinaongezeka kwenye kioo. Nilikaa pembeni yake, kitu ambacho sijawahi kufanya. Mia tatu. Mia nne na hamsini. Ilipofika mia tano na tisini akanyanyua kidole.

"Sikiliza."

Nilisikia kamba, injini, maji. Halafu, sijui kama ni kweli au ni hamu, mvumo ulishuka.

"Bado lipo," akasema.

Saa nane na robo nilikuwa hemani. Kwanza nikapima maji yangu safi. Mstari haukupanda. Nikadhani mashine imezima, nikaigonga, nikapima tena. Nukta sifuri nne. Nilipima mara ya tatu kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji nisione vizuri. Vituo kumi na kimoja vya nukta tatu, na chanzo chake kilikuwa kifundo cha mkono wangu.

Nikatia maji ya mita mia sita. Nilishikilia meza kwa mikono yote miwili. Moja nukta tano. Mia sita na arobaini, moja nukta tisa. Mia sita na themanini, moja nukta sita. Ule mlima ulikuwa pale pale, umepungua kwa karibu kiasi cha kutu yangu tu, na sasa ulikuwa umesimama juu ya mstari safi kiasi kwamba hata mtu asiyejua kusoma angeuona.

Bado nilikuwa na dakika hamsini. Nilichukua tope lililobaki kwenye chujio la mia sita na arobaini, nikalikoroga ndani ya maji ya bahari safi yenye chuma kidogo sana, nikawa nachota na kuchuja na kupima kila baada ya dakika kumi. Jaribio hili nilishalijaribu mara tano safari hii na sikuona kitu, uchafu wangu ulikuwa unalifunika. Sasa niliona. Nukta moja. Nukta mbili na nusu. Nukta nne. Nukta nne na nusu. Nukta nne na nusu tena, ikatulia. Liliachia, likaachia, mpaka kinachoondoka kikawa sawa na kinachorudi. Nilikuwa naangalia kwa namba kile nilichokionja kwenye ndoo nikiwa na miaka sita.

Daktari Rebelo aliingia saa kumi kamili. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa karatasi zote nikanyamaza, jambo ambalo lilimshtua kuliko namba.

Alisoma muda mrefu. "Uchafu umeondoka," akasema. "Ulikuwa nini?"

Ningeweza kusema mirija. Angeniamini.

"Bangili yangu ya ndoa," nikasema. "Vituo kumi na kimoja vya nyuma vyote vina chuma cha mama mkwe wangu. Tulipima uchafu kila siku, kwa hiyo unaweza kutolewa kwenye hesabu, lakini lazima iandikwe kwamba ni mimi."

Alinitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, akavua miwani, akacheka mpaka akaketi chini, Daktari Rebelo ambaye sijawahi kumsikia akicheka. Kisha akachukua kalamu. Pembeni ya mita mia sita, mia sita na arobaini na mia sita na themanini akaandika neno "safi" mara tatu, na juu ya ukurasa akaandika jina langu, halafu lake chini yake.

"Na mwendesha winchi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alilisikia tope kabla yangu."

Akaandika.

Meli ilianza kugeuka. Watu walikuwa nyuma wanakula kichuri kilichopoa, wamekisubirisha kwa ajili ya winchi. Nilisimama pale pale nilipofokea asubuhi, mbele ya wale wale.

"Grisi ya Haradhan-da haikuwa na kosa," nikasema. "Wala sinduri yake. Kutu ilikuwa yangu. Jina mlilonipa mlilipatia."

Walicheka, baadhi yao wakatazama sahani kwa haya, maana hawakujua kwamba najua. Haradhan-da alisogea kwenye ndoo yake akaniachia nafasi, akanipa sahani.

"Namba zimesemaje?" akauliza.

"Linaachia."

"Nilijua." Akatafuna. Kisha akainuka, akachukua bangili mbele ya picha, nyekundu kwa sinduri, akaninyooshea. Mkono wangu ulikuwa mwepesi ajabu, na kwenye kifundo palikuwa na mstari mweupe uliozungukwa na kahawia.

"Una lile kopo la tumbaku?" nikauliza.

Akalitoa mfukoni bila kuuliza la nini. Pete ya babu yake ilikuwa ndani. Nikaweka bangili juu yake, akafunga kifuniko.

"Mpaka Haldia, bandarini," nikasema.

"Mpaka Haldia," akasema, akalirudisha kopo mbele ya picha.

Nilikwenda kwenye simu ya setilaiti. Iliita muda mrefu sana. Prabir alipopokea nyuma yake palikuwa na kelele za barabara.

"Uko salama?" nikauliza.

"Niko kwenye duka la chai. Kuna nini?"

"Nimevua chuma."

 Nilimsikia anakunywa chai yake taratibu.

"Sasa vipi," akasema, "nimekufa?"

"Bado."

"Basi rudi kazini. Na mimi nitapunguza mwendo."